Ubao Uliowaka Kabla ya Kipyenga

Kwa nini nimeirudia mechi ya zamani hivi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kamisaa wa mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa mmoja. Sitataja mkoa, timu wala mwaka, waliokuwepo wanajijua. Siku hiyo kulikuwa na mechi mbili kwenye viwanja viwili, na timu tatu zilikuwa zinapigania zisishuke. Uwanja wangu ulikuwa na geti moja. Mtu wa tiketi alikuwa akichana karatasi moja moja kwa mkono, na foleni imefika barabarani. Kiongozi wa wenyeji akanijia: "Mzee, tuvute muda kidogo watu waingie, si unaona mwenyewe?" Nikaona. Nikawapa dakika 10. Uwanja wa pili sikuwapigia simu, na wala wazo hilo halikunijia.

Zikiwa zimebaki kama dakika 7, matokeo yakiwa 1-1, kijana aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akasimama. Simu kaibana kwapani. Mkono wa kulia akanyoosha vidole viwili, wa kushoto akakunja ngumi, akaligeukia benchi la wenyeji, kisha benchi la wageni. Mbili bila, na imeisha. Kuanzia hapo hakuna aliyepiga shuti tena. Beki anampa beki mwenzake, mwenzake anarudisha kwa kipa, washambuliaji wamesimama mikono kiunoni. Timu ya tatu ikashuka daraja huku wachezaji wake wameshavua viatu, kilomita 30 kutoka pale.

Ripoti yangu ilisema mechi imechezwa na kumalizika salama. Kila neno ndani yake lilikuwa kweli.

Kilichonifungua macho hakikutoka mkoani kwetu. Ni kisa cha Uingereza cha mwaka 1977, ambacho sasa nakitumia kila ninapokaa na makamisaa wapya. Wachezaji na viongozi nimewataja kwa majina kwa sababu habari zao ni za hadharani. Mashabiki nimewaacha bila majina, wanatambulika kwa rangi ya jezi tu. Kisa kina mambo mawili yaliyosukana: kilichotokea uwanjani, na namna watu wanavyokikumbuka.

Usuli: watatu kwenye mlango mmoja

Msimu wa 1976/77 ngazi ya juu ya soka la Uingereza iliitwa Daraja la Kwanza. Ilikuwa na timu 22, ushindi ulikuwa pointi 2, sare pointi 1, na timu tatu za mkiani zilishuka. Kufikia usiku wa mwisho, Alhamisi ya Mei 19, 1977, Tottenham na Stoke City walikuwa wameshajua hatima yao. Ilibaki nafasi moja ya kushuka, na watatu walioiogopa walikuwa Coventry City, Bristol City na Sunderland. Wote walikuwa na pointi 34.

Kila mmoja alikuwa na jambo lake la kupoteza. Bristol City walikuwa wamepanda mwaka mmoja tu nyuma, na hapo kabla hawakuwa wameionja ngazi ya juu tangu 1911. Mzee wa miaka 70 pale Bristol alikuwa amesubiri karibu maisha yake yote. Sunderland nao walipanda mwaka huohuo wa 1976, miaka mitatu baada ya kushangaza nchi nzima kwa kutwaa Kombe la FA la 1973 mbele ya Leeds wakiwa bado timu ya daraja la pili. Msimu wao ulianza vibaya mno. Kocha Bob Stokoe aliondoka Oktoba, timu ikapitia wiki baada ya wiki bila hata bao, na watu wakaanza kuwahesabu wafu. Halafu Februari wakafufuka: 4-0 dhidi ya Middlesbrough, 6-1 dhidi ya West Bromwich Albion, 6-0 dhidi ya West Ham. Vijana waliokulia klabuni ndio waliokuwa wakikimbia. Ukitaka kuelewa kwa nini kidonda cha Sunderland hakikauki, kumbuka kwamba timu hii ilikuwa imeshatoka kaburini, ikazikwa mara ya pili.

Coventry walikuwa juu tangu 1967, na aliyewafikisha huko ni Jimmy Hill. Huyu bwana anastahili aya yake. Akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji alipigana hadi mwaka 1961 kile kikomo cha mshahara cha pauni 20 kwa wiki kikafutwa. Akawa kocha wa Coventry, akaipandisha kutoka daraja la tatu hadi mlangoni pa la kwanza na mwishowe ndani. Akaingia kwenye televisheni, akawa mtangazaji wa kipindi cha mpira cha BBC cha Jumamosi usiku. Mwaka 1977 alikuwa tena Coventry, safari hii upande wa uongozi wa juu, na bado yupo kwenye televisheni. Kidevu chake kilichochongoka nchi nzima ilikijua. Kidevu hicho tutakirudia.

Ratiba iliwapeleka Sunderland kwa Everton, mjini Liverpool. Coventry na Bristol City walikutana wao kwa wao kwenye uwanja wa Highfield Road, Coventry.

Hesabu za usiku ule

Hapa makamisaa wapya huwa wananikimbia, lakini bila hesabu kisa hiki kinabaki kuwa kilio.

Msimu ule ulikuwa wa kwanza England kutumia tofauti ya mabao kutenganisha timu zenye pointi sawa. Zamani waligawa: mabao ya kufunga kwa mabao ya kufungwa. Sasa wakawa wanatoa. Kwa kutoa, Sunderland waliingia usiku wa mwisho na hasi 6, Bristol City hasi 10, Coventry hasi 11.

Tuanze na Sunderland. Wakitoka sare wana pointi 35 na tofauti bora kuliko wote, kwa hiyo wamepona, yatokee yatakayotokea Coventry. Wakifungwa wanabaki na 34, lakini hata hapo, kama mmoja wa wale wawili amemfunga mwenzake, aliyefungwa anabaki na 34 akiwa na tofauti mbaya zaidi, na ndiye anayeshuka. Ukiacha kipigo cha mabao mengi mno, njia ya Sunderland kushuka ilikuwa moja tu: wao wafungwe, na kule Highfield Road watoke sare. Matukio mawili kwa pamoja.

Bristol City sare iliwatosha kabisa. Wakipata pointi moja wana 35 na hasi 10, mbele ya Coventry kwa bao moja. Hawakuhitaji habari yoyote kutoka Liverpool.

Coventry ndio waliokuwa na shida. Sare kwao ilikuwa wokovu au kaburi kutegemea Sunderland wamefanya nini. Sunderland wakipata hata pointi moja, sare inaishusha Coventry. Sunderland wakifungwa, sare inaiokoa. Kati ya timu zote tatu ni Coventry peke yao ambao taarifa ya matokeo ya Everton ingewabadilishia mchezo. Wengi wanaosimulia kisa hiki husema "timu mbili zilikula njama". Ukikaa na karatasi unaona kwamba taarifa ilikuwa na thamani kwa upande mmoja tu, na upande huo ndio uliokuwa na ubao.

Kuna jambo jingine, na hili nalipenda zaidi kuliko inavyostahili. Kwa matokeo yaliyopatikana usiku ule, mtindo wa zamani wa kugawa ungewageuza. Coventry walimaliza na mabao 48 kwa 59, sawa na 0.81, Bristol City 38 kwa 48, yaani 0.79. Kwa kutoa Bristol yuko mbele, kwa kugawa Coventry yuko mbele. Kama mechi ile ingechezwa mwaka mmoja kabla, Bristol City ndio wangekuwa na hamu ya kujua ya Liverpool, na ubao uleule usingemsaidia mwenye nao.

Mfuatano

Watu zaidi ya 36,000 walijaa Highfield Road, wakiwemo maelfu kutoka Bristol. Msongamano ulikuwa mkubwa nje, na mechi ikacheleweshwa kuanza ili watu waingie. Kule Liverpool mpira ulianza kwa wakati.

Tommy Hutchison aliifungia Coventry bao la kwanza kipindi cha kwanza, na la pili kipindi cha pili kilipokuwa bado kichanga. Mbili bila. Kwa wakati huo Bristol City ndio waliokuwa wanashuka, na walicheza kama watu wanaoshuka: walikuja mbele wote. Gerry Gow akarudisha moja. Zikiwa zimebaki kama dakika 10, Donnie Gillies akasawazisha. Mbili mbili.

Tulia kwenye dakika hiyo. Coventry hawajui ya Liverpool. Sare imewaweka kwenye ncha ya kisu. Lazima watafute la tatu, na wakilitafuta wanaacha nafasi nyuma, na Bristol City wameshika kasi. Ndiyo mechi ambayo mtu analipa kiingilio kwa ajili yake.

Kisha Everton wakamaliza kazi: Everton 2, Sunderland 0. Mwamuzi wa Liverpool akapuliza kipyenga cha mwisho huku Highfield Road bado kuna dakika za kucheza. Matokeo yakatangazwa uwanjani na kuwekwa kwenye ubao. Inasimuliwa kwamba Hill mwenyewe ndiye aliyetaka yawekwe haraka.

Kilichofuata kila anayesimulia anakieleza vilevile. Mpira ukaenda kwa mabeki wa Bristol City, ukabaki huko. Wanapasiana ndani ya nusu yao, wanamrudishia kipa. Enzi zile kipa aliruhusiwa kuudaka mpira aliorudishiwa na mchezaji wake kwa mguu. Sheria ya kumkataza ilikuja 1992. Kwa hiyo anaudaka, anaudundisha, anautoa, unarudi. Wachezaji wa Coventry wamesimama mbali, hakuna anayekwenda kukaba. Mashabiki wa pande zote mbili wanaimba pamoja, jambo usilolitarajia kwenye mechi ya kushuka daraja. Kipyenga kikalia, wakakumbatiana.

Nani aliamua nini

Kuchelewesha kuanza. Uamuzi huu ulikuwa na sababu ya haki. Watu maelfu wakisukumana kwenye milango myembamba ni hatari, na kamisaa yeyote mwenye akili angesogeza muda. Mtu asinieleze kwamba ilibidi mpira uanze huku watu wanakanyagana nje. Jambo ambalo halikuamuliwa ni kuichelewesha na ile nyingine. Hakukuwa na kanuni iliyowalazimisha, na hakuna aliyepewa jukumu la kuziangalia mechi mbili kama kitu kimoja. Everton walikuwa wenyeji wa mechi yao, Coventry wa yao. Katikati hapakuwa na mtu.

Kuweka matokeo kwenye ubao. Hapa sababu ya usalama haipo. Mtu anaweza kusema mashabiki wana haki ya kujua, na kwamba redio ndogo zilikuwa zimeshavuma jukwaani. Ni kweli. Lakini redio ya shabiki ni mnong'ono. Nahodha aliye katikati ya uwanja hawezi kuacha kushambulia kwa sababu mtu wa safu ya 14 amepiga kelele. Huenda amesikia vibaya, huenda ni utani. Ubao wa klabu ni taarifa rasmi. Umegeuza uvumi kuwa hakika, na hakika ndiyo iliyoua mpira.

Kuacha kushindana. Wachezaji waliamua papo hapo, bila kikao. Mimi siwalaumu, na nimegombana na wenzangu kwa hili. Mchezaji wa Coventry aliyeona ubao ule akaendelea kushambulia angekuwa anahatarisha kazi za wenzake kwa ajili ya timu ambayo haipo uwanjani. Unaweza kumtaka mtu awe malaika, lakini usijenge ligi juu ya matumaini hayo.

Mwamuzi. Alikuwa na nini mkononi? Hakuna kadi ya kutokukaba. Angeweza kuwaita manahodha akawakemea, na wangerudi kupiga pasi zilezile kwa adabu zaidi.

Matokeo

Coventry 2, Bristol City 2. Wote wawili wakamaliza na 35. Sunderland wakashuka na 34, baada ya mwaka mmoja tu juu.

Malalamiko yalifika kwenye ligi, uchunguzi ukafanyika, Coventry wakakaripiwa, na matokeo yakabaki kama yalivyo. Kwa Sunderland karipio hilo lilikuwa kama kumpa mwenye nyumba iliyoungua ndoo tupu.

Yaliyofuata hayakufuata haki ya mtu. Sunderland walirejea ngazi ya juu mwaka 1980. Mwaka huohuo Bristol City walishuka, wakashuka tena, wakashuka tena. Kufikia 1982 walikuwa daraja la nne, wakiwa nusura wafe kifedha. Coventry walidumu hadi 2001.

Kumbukumbu za rangi tatu

Sasa sehemu ninayoipenda.

Mashabiki wa jezi ya mistari myekundu na myeupe wanakumbuka sura moja. Hawakumbuki foleni, hawakumbuki geti. Wanamkumbuka Jimmy Hill. Mwaka 2008, miaka 31 baadaye, Hill akiwa mzee anayekaribia 80 alikwenda Craven Cottage kutazama Fulham na Sunderland. Mashabiki wa Sunderland wakamtambua, zikaanza kelele, hadi walinzi wakamwondoa kwa usalama wake. Wengi wa waliopiga kelele siku ile, kwa umri wao, 1977 hawakuwa wamezaliwa.

Jambo hili lisitushangaze sisi. Mwaka huohuo wa 1977, Julai 19, Simba iliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akapachika matatu. Nenda kijiwe chochote Dar es Salaam leo, utamkuta kijana wa miaka 22 anakuonyesha Kibadeni alisimama wapi kwa bao la pili. Hakuwepo. Baba yake pengine hakuwepo. Lakini usithubutu kumwambia hivyo. Kumbukumbu ya shabiki hurithiwa kama shamba, na anayerithi huilinda mipaka yake kwa ukali kuliko aliyeifyeka.

Mashabiki wa bluu ya Coventry wanakumbuka kunusurika, na wanaikumbuka kwa kicheko. Kwao Hill ni mtu aliyewapa jezi ya bluu ya anga, wimbo, na nafasi kati ya wakubwa; sanamu yake imesimama nje ya uwanja wao mpya tangu 2011. Mtu yuleyule, kidevu kilekile. Wakati fulani hata kukanusha hawakanushi: "Alifanya ujanja? Basi alikuwa mjanja wetu."

Wa Bristol City wanakumbuka kurudi kutoka mbili bila. Ubao kwao ni kipande kidogo cha mwisho. Na nadhani wana haki, kwa ile hesabu niliyoionyesha: wao sare iliwatosha kabla ubao haujawaka.

Halafu kuna dakika. Mechi ilichelewa kwa muda gani? Utasikia 5, utasikia 10, na mara nyingi utasikia 15. Mimi nina shaka na hiyo 15, na shaka yangu inatokana na mchezo mwingine. Mei 11, 1997, siku ya mwisho ya msimu, Coventry walikuwa tena kwenye hatari ya kushuka, safari hii ugenini kwa Tottenham. Mashabiki wao walikwama kwenye foleni ya magari na mechi ikacheleweshwa dakika 15. Coventry wakaongoza 2-1, na kabla hawajamaliza, matokeo ya wapinzani wao yakawa yanajulikana: Middlesbrough sare 1-1 kule Leeds, na Sunderland, ndiyo, Sunderland, wamefungwa 1-0 na Wimbledon. Coventry wakapona na pointi 41. Sunderland wakashuka na 40.

Miaka 20 katikati, klabu zilezile mbili, aliyepona ni yuleyule na aliyeshuka ni yuleyule, na kuchelewa tena. Mtu wa Sunderland aliyeyaishi yote mawili atawezaje kuyatenganisha kichwani? Dakika 15 za London zinaweza kuwa zimesafiri kimya kimya zikaingia kwenye hadithi ya 1977. Siwezi kuapa, lakini nimesikiliza mabishano ya vijiweni miaka mingi, na ndivyo kumbukumbu zinavyofanya kazi: tukio la kwanza linaazima namba kutoka la pili, la pili linaazima hasira kutoka la kwanza.

Mfano mwingine ni wa watu wa Manchester United, ambao kwetu hawahesabiki kwa wingi. Aprili 27, 1974, Denis Law, nyota wao wa zamani, akiwa Manchester City aliwafunga kwa kisigino Old Trafford. Moja bila, mashabiki wakavamia uwanja, mechi ikavunjika, United wakashuka. "Law aliwashusha." Lakini siku hiyohiyo Birmingham City waliifunga Norwich 2-1, kwa hiyo United walikuwa wanashuka hata kama Law angebaki nyumbani. Mwambie shabiki hivyo, atakusikiliza kwa heshima, kisha ataendelea: "Kile kisigino cha Law…"

Kumbukumbu inapenda mtu, haipendi jedwali. Bao la kisigino lina mtu. Ubao una mtu nyuma yake, mwenye kidevu. Tofauti ya mabao ya hasi 8 haina uso wa kutukanwa.

Kosa lilikuwa wapi

Kilichofanya kazi: hakuna aliyeumia getini. Kwenye miaka ile, na viwanja vile, hilo si dogo, na wanaosimulia hulisahau.

Kilichovunjika si kuchelewa kwenyewe. Ni kuchelewa kwa upande mmoja. Mara mechi mbili zinazotegemeana zilipoachana muda, kulizaliwa dirisha la dakika chache ambamo timu mbili zinacheza huku ya tatu haina tena la kufanya. Atakayepita dirishani hapo ni suala la bahati na ubao. Anayebishana kama Hill alikusudia au hakukusudia anaanza swali mwishoni. Kama dirisha lisingekuwepo, kusudi lake, zuri au baya, lisingekuwa na kazi.

Dunia ililiona vizuri miaka mitano baadaye. Juni 25, 1982, kule Gijón nchini Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0 kwa bao la mapema la Horst Hrubesch, kisha timu zote mbili zikapiga pasi za mapumziko hadi mwisho kwa sababu matokeo hayo yaliwavusha wote. Algeria walikuwa wameshamaliza mechi yao siku moja kabla, wakiwa wameifunga Chile 3-2, na wakatolewa. Gijón hapakuhitajika ubao. Ratiba yenyewe ilikuwa ubao. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zikachezwa kwa wakati mmoja.

Ila kuna wanaodhani kanuni ya muda mmoja inazuia habari kupenya. Haizuii. Siku hizi kila mtu jukwaani ana ubao mfukoni. Kinachozuiwa ni uhakika. Kijana wa ukutani akionyesha mbili bila huku kule bado dakika 7, wachezaji wako wanajua kwamba mbili bila inaweza kuwa mbili mbili. Muulize Coventry wa usiku ule.

Na Sunderland? Nitasema kitu ambacho kule kwao kisingenipa hata chai. Walihitaji pointi moja kwa Everton, wakapoteza mbili bila. Dakika zote 90 zao zilichezwa kwa uaminifu, na hazikutosha. Hilo haliwafanyi Coventry wasafi. Yote mawili yanakaa pamoja, na ni shabiki pekee anayelazimika kuchagua.

Nilichokibadilisha

Msimu uliofuata nilipewa tena mechi ya mwisho, kiwanja kilekile, geti lilelile. Safari hii kwenye kikao cha asubuhi tulikubaliana na kamisaa wa uwanja wa pili: hakuna anayepuliza hadi mwenzake aseme "tayari" kwenye simu, na mapumziko vivyo hivyo. Msemaji wa kipaza sauti nilimpa karatasi ya anachoruhusiwa kusoma: majina ya wachezaji, mabadiliko, na gari lililoziba njia. Basi.

Saa kumi kasoro dakika mbili nikampigia.

"Mimi tayari. Wewe?"

"Nipo, ila gari la wagonjwa halijafika."

"Haya, na mimi nasubiri."

Dakika 12. Nahodha wa wageni akanijia mara mbili akilalamika kwamba misuli ya vijana wake inapoa. Kiongozi wa wenyeji akauliza yanatuhusu nini ya gari la watu wengine. Gari likafika, tukaanza.

Dakika ya 80 hivi nikamwona yule kijana, palepale juu ya ukuta, amesimama. Mabenchi yote mawili yakamgeukia. Akanyoosha kidole kimoja mkono huu, kimoja mkono ule, kisha akauzungusha mkono hewani: bado wanacheza. Winga wetu wa kulia, aliyekuwa amesimama kumtazama, akaufuata mpira mbio.